UZI: Sungura mzee mwenye magego mabovu, miezi 18 ya kumlisha, kumpima na kukosea

Kibarazani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye habari ya mizani, hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nina sungura jike anaitwa Sufi, ana miaka minane na ushee. Sungura wa nyumbani anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12, kwa hiyo huyu ni bibi kabisa. Mwaka juzi alianza kuchagua chakula. Nyasi kavu anazinusa, anachukua unyasi mmoja, anautafuna mara tatu nne, anautema. Peleti (chakula cha kiwandani cha punje) anakula, majani laini anakula. Nikajisemea, uzee huo, anadeka. Nikamwongezea peleti ili asikonde. Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku moja nimekaa naye sakafuni, nikamwekea jani. Alikuja mbio, akalidaka kwa meno ya mbele, taya likaanza kazi, mara akasimama ghafla. Akainamisha kichwa upande, mdomo nusu wazi, kama mtu aliyetafuna jiwe. Jani likadondoka, limelowa mate, lina alama za meno lakini halijakatika. Akalitazama. Akaliokota tena. Likadondoka tena. Nikapitisha kidole chini ya kidevu chake, manyoya yamelowa udenda na yameshikamana vishungi vishungi.

Sasa mnyama aliyepoteza hamu ya kula hakimbilii chakula. Huyu njaa alikuwa nayo, mdomo ndio uliokuwa unamkatalia. Kama kuna mtu humu anamwona sungura wake anakifuata chakula halafu anakiacha, asisubiri kesho.

Daktari wa kwanza alimfunua midomo, akaangalia meno ya mbele, akasema yako sawa, mzima huyo. Na kweli ya mbele yalikuwa sawa. Tatizo ni kwamba sungura ana meno 28, na ukimfunua midomo unaona manne makubwa tu, na ukichungulia vizuri unaona mengine mawili madogo kama vijiti yamejificha nyuma ya yale ya juu. Yaliyobaki 22 ni magego, yako ndani huko, ng'ambo ya pengo refu, kwenye mdomo mwembamba usiopanuka. Mimi nilirudi nyumbani nimefurahi. Wiki tatu zikapotea.

Daktari wa pili ndiye aliyesema hapa bila kumlaza usingizi tutakuwa tunabahatisha. Akamlaza, akampiga picha za eksirei za kichwa. Magego ya chini upande wa kushoto yalikuwa yameota ncha kali zilizolalia ulimi, na moja ilikuwa imeshauchana pembeni. (Ya chini ncha zake huelekea ulimini, ya juu huelekea shavuni.) Mizizi nayo ilikuwa imerefuka kushuka mpaka ukingo wa taya. Vile vinundu nilivyokuwa navihisi nikimpapasa chini ya taya, nikidhani ndivyo alivyoumbwa, kumbe ni mizizi.

Alivyonieleza ni hivi. Meno yote ya sungura yanaota maisha yake yote. Ya mbele yanaota milimita 2 hivi au zaidi kidogo kwa wiki, magego yanakwenda taratibu, kama milimita 3 kwa mwezi. Kinachoyapunguza ni jino kusagana na jino, na kinachoyafanya yasagane sawasawa ni nyasi, maana akitafuna nyasi taya la chini linakwenda kushoto na kulia kama jiwe la kusagia. Peleti inapondwa juu chini mara chache, inavunjika, inamezwa, basi. Kwa hiyo jino linauma, anaacha nyasi. Akiacha nyasi, jino halisagiki. Lisiposagika linazidi kuuma. Na mimi katikati hapo nilikuwa namwaga peleti!

Akasaga zile ncha kwa kimashine, akaniambia bila kuzunguka: hii haiponi. Ncha zitarudi, mizizi iliyorefuka hairudi, tutakuwa tunaonana. Tangu siku hiyo tumeonana mara nane.

Sasa mizani. Alipokuwa mzima Sufi alikuwa na gramu 2,140. Siku ile ya eksirei alikuwa na 1,790. Gramu 350 zimeondoka na sikuziona, kwa sababu manyoya yanaficha, na kwa sababu namwona kila siku. Siku hizi kila Jumapili asubuhi kabla hajala namweka kwenye bakuli juu ya mizani ya jikoni, naandika kwenye daftari. Akishuka gramu 50 namfuatilia kwa karibu. Akishuka 100 napiga simu. Daftari limeshanionyesha kwamba uzito huanza kushuka wiki ya saba tangu kusagwa, wakati kwa macho bado anakula "vizuri". Ndiyo maana miadi yetu ni kila wiki ya nane, sisubiri udenda.

Nina maswali mawili. Kwanza, baada ya kila kusagwa hagusi chakula siku moja au mbili, nami kumlisha kwa sirinji ni vita, ananimwagia kila mahali. Mnafanyaje? Pili, jicho la kushoto limeanza kutoa machozi meupe kama maziwa. Linahusiana au ni jambo jingine?

Mchokozi

Jamani sungura wa miaka minane mnampiga picha za kichwa, si mngeshamla zamani 😂

Kibarazani

Mkuu kwa zile gramu 1,790 za mifupa usingeshiba. Wengine karibuni.

Mama Pacha

Pole sana ndugu yangu, na hongera kwa daftari. Mimi wa kwangu shida ilikuwa ya mbele, yamepishana tangu akiwa mdogo, ya chini yakawa yanatokeza nje kama pembe. Tulichoka kusaga kila wiki ya nne, tukaamua yang'olewe yote sita. Wengi wanaogopa, lakini alizoea haraka kuliko mimi. Anaokota kwa midomo. Kazi yangu ni kumkatia majani membamba, na kumchana manyoya, maana bila meno ya mbele hajisafishi vizuri. Jino moja liliota tena baada ya miezi michache, ikabidi lifuatwe upya, wakasema kiini chake kilikuwa kimebaki ndani. Mjue hilo linatokea.

Habari ya sirinji. Kaa chini, usimlishe juu ya meza akaruka. Mfunge taulo kama mtoto, miguu yote ndani, kichwa nje, mgongo wake ukiegemea tumbo lako. Asilale chali hata kidogo. Usimwelekezee sirinji mbele. Ipitishe pembeni ya mdomo, kwenye lile pengo kati ya meno ya mbele na magego, utaona kama paliachwa kwa kazi hiyo. Sukuma mililita moja, acha. Subiri taya lizunguke, subiri ameze. Ndipo moja nyingine. Wengi wanakosea kwa haraka, wanajaza mdomo, kinaingia kwenye njia ya hewa, na hapo unaongeza ugonjwa wa mapafu juu ya meno.

Kama unatumia peleti zilizolowekwa maji ya uvuguvugu, zipitishe kwenye chujio kwanza, na kata ncha ya sirinji mdomo wake uwe mpana, kisha ulainishe pale ulipokata. Ile ncha nyembamba ikiziba unasukuma kwa nguvu, halafu inafyatuka yote kwa mkupuo. Nadhani ndiyo vita yako.

Kibarazani

Dada umeniona wapi? Ndiyo hiyo hiyo. Inaziba, nasukuma, inafyatuka, ukuta umeshapakwa rangi mpya.

Jirani Mwema

Na mimi niulize hapo hapo. Wa kwangu ana miaka sita, meno ya mbele marefu, huwa namkata na kikata kucha, sekunde mbili tu kazi imekwisha. Na nimemwekea vipande vya mti na mkate mkavu mgumu ili magego yajisage yenyewe. Niko sawa?

Tabibu wa Mifugo

Salamu wote. Nitajibu kwa mkupuo, nina zamu.

Jirani Mwema, kikata kucha weka chini leo. Jino la sungura halikatiki kama ukucha, linapasuka kwa urefu. Ufa unaweza kushuka hadi kwenye mzizi, kiini kikawa wazi, bakteria wakaingia, na baada ya wiki kadhaa unaletewa taya lenye jipu huku mwenyewe akiapa kwamba hajamfanya chochote. Ya mbele yanasagwa kwa kifaa cha kusagia, mara nyingi hata bila usingizi, ni dakika chache. Mti auchezee tu, haudhuru ukiwa haujapakwa dawa wala rangi, lakini anaguguna kwa meno ya mbele, magegoni haufiki kabisa. Mkate mkavu ukishafika mdomoni ni uji, na tumboni mwake wanga huo unavuruga bakteria wanaomsaidia kumeng'enya. Utoe.

Kibarazani, jicho na meno ni nyumba moja. Mrija wa machozi unapita jirani kabisa na mizizi ya meno ya mbele ya juu na magego ya kwanza ya juu. Mzizi ukirefuka kwenda juu unaubana mrija, machozi yanakosa njia, yanafurika, yakioza yanakuwa hayo meupe. Kumwekea matone ya macho peke yake ni kupiga deki huku bomba linavuja. Mwambie daktari wako aukague mrija na auzibue kwa maji ya chumvi, na aangalie mizizi ya juu kwenye picha, si ya chini tu.

Mengine ambayo hamkuuliza. Sungura hatapiki, kwa hiyo hafungishwi kabla ya usingizi kama mbwa. Mpelekeni amekula, na beba chakula anachokipenda akiamka. Hatari ya usingizi kwake ni kubwa kuliko kwa mbwa na paka, na kwa mzee zaidi, ndiyo maana tunapenda kupima damu kwanza, hasa figo. Akiwa hajala wala hajatoa kinyesi kwa saa 12, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane. Utumbo wake ukisimama, gesi inajaa, maumivu yanamfanya asile, na asipokula unazidi kusimama.

Dawa. Inayoandikwa sana kwa maumivu ni meloksikamu, kwa kipimo cha sungura. Usihamishe ya mbwa wala ya binadamu kwa kukadiria. Na jambo la kufa na kupona: penisilini na ndugu zake kama amoksilini HAZIPITI mdomoni mwa sungura. Klindamaisini vilevile. Zinaua bakteria wema wa utumbo, wabaya wanatawala, mnyama anaondoka kwa kuhara. Kuna penisilini ya sindano tunayoitumia kwa hesabu zetu, hiyo ni habari nyingine. Yenye kupita mdomoni, hapana.

Jirani Mwema

Nimekielewa mkuu, kikata kucha kimerudi kwenye kucha. Nitampeleka.

Msafiri wa Usiku

Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi. Naomba niseme habari ya jipu, maana limetajwa kwa kupita.

Wa kwangu alikuwa na uvimbe kwenye taya, mdogo kama punje ya mbaazi. Hauumi, hauna joto. Nilijua kwamba jipu la mtu huiva, likapasuka, usaha ukatoka, ukapona. Nikawa nasubiri liive. Usaha wa sungura hautiririki, wakuu. Ni mzito kama dawa ya meno kwenye tyubu, umefungwa ndani ya mfuko wake, na mfuko unazidi kunenepa huku unakula mfupa kwa chini. Ulipofika ukubwa wa gololi ndipo nilipompeleka. Walipasua, wakautoa na mfuko wake, wakang'oa na gego lililokuwa chanzo, jeraha likaachwa wazi tuwe tunaliosha kila siku. Miezi mitatu akawa mzima. Ukarudi. Tukafanya tena. Mara ya tatu mfupa wa taya ulikuwa umeshakuwa kama sifongo kwenye picha, na tukakubaliana na daktari asiamshwe.

Alikuwa na miaka saba. Papaseni mataya ya wanyama wenu. Kila wiki, upande kwa upande, mlinganishe.

Mama Pacha

Pole sana kaka. Sana.

Kibarazani

Pole mkuu. Nimetoka kumpapasa Sufi sasa hivi kabla sijakujibu.

Kibarazani (wiki mbili baadaye)

Mrejesho. Tulikwenda. Mzizi wa jino la mbele la juu kushoto umepinda na kuubana mrija, kama Tabibu alivyosema. Wameuzibua, kwanza maji hayakupita, halafu kikatoka puani kitu kama jibini iliyovunjika, ndipo yakapita. Mrija utaziba tena, nimeshaambiwa, kwa hiyo utazibuliwa kila akilazwa kusagwa. Nyumbani namfuta jicho asubuhi na jioni kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kumkausha, ngozi isichubuke. Manyoya ya shavu hilo yameshaisha, anaonekana kama amenyolewa nusu. Hana habari.

Sirinji: kofia kwa Mama Pacha naivua kabisa. Taulo, pembeni, mililita moja, chujio. Tulipangiwa mililita 20 mara tano kwa siku mpaka aanze kula mwenyewe. Siku ya kwanza alikula zote, siku ya pili akanipokonya sirinji akaanza kuiramba. Ukuta umepumzika.

Na nimejifunza kusikiliza. Nikimpapasa paji la uso anasaga meno taratibu, trr trr, kwa raha. Siku dawa ya maumivu ilipochelewa alikuwa amejikunyata pembeni, macho nusu, anasaga kwa nguvu unasikia mpaka mlangoni. Meno hayo hayo, sauti mbili tofauti kabisa.

Tabibu wa Mifugo

Nimefurahi. Nyasi anakula?

Kibarazani

Hapo ndipo ninapojikanyaga. Ndefu hawezi, zinamkwama. Nimekuwa nikizikata kwa mkasi sentimita mbili tatu, anakula kidogo.

Mama Pacha

Zikikatwa fupi hivyo si zinafanana na peleti? Taya halizunguki.

Tabibu wa Mifugo

Dada, kwa mnyama mwenye meno mazima ningekubaliana nawe, ndefu ndiyo dawa. Huyu tulishapita hapo. Nyasi fupi iliyomezwa ni bora kuliko ndefu iliyobaki sakafuni, utumbo wake bado unadai zile nyuzinyuzi za nyasi. Jaribu pia nyasi mbichi zisizopuliziwa dawa. Ni laini, lakini bado zinamlazimisha kuzungusha taya. Mzoeshe polepole asije akaharisha.

Jirani Mwema

Nami nirudi. Wa kwangu amesagwa ya mbele, na magego yake yameonekana yana ncha ndogo. Nimenunua mizani. Lakini kuna jambo naona aibu kuliuliza, nyuma yake panachafuka, panashikamana kinyesi laini. Ni kuhara?

Kibarazani

Usione aibu, hapa wote tunaosha. Kwa Sufi haikuwa kuhara. Sungura ana kinyesi cha aina mbili, zile gololi kavu, na kile laini kinachong'aa kama kishada cha zabibu, ambacho hukila moja kwa moja kinapotoka. Ndiyo virutubisho vyake vya mzunguko wa pili. Mwenye meno mabovu au mgongo wenye baridi yabisi hakifikii au kinamuuma kukila, basi anakikalia. Peleti zikizidi ndiyo kabisa. Kwa Sufi nilipunguza peleti na nikampatia dawa ya mgongo, kukapungua.

Ila kagua kila siku, na wakati wa joto mara mbili. Nzi wanataga pale, na mayai yakianguliwa funza wanamla mnyama akiwa hai, ni suala la saa tu. Ukiona hata funza mmoja, usikae kuwahesabu, kimbia kwa daktari.

Mchokozi

Wakuu nimesoma uzi wote. Nilitania mwanzoni, mnisamehe. Lakini nauliza kwa nia njema, mpaka lini? Kila wiki ya nane kulazwa, kibibi cha miaka minane.

Kibarazani

Umesamehewa, na swali lako nimejiuliza mwenyewe mara nyingi usiku. Nimeandika mambo manne ukurasa wa nyuma wa daftari, na nimemwonyesha daktari. Anakula mwenyewe ndani ya siku mbili baada ya kusagwa. Anakuja mlangoni asubuhi nikifungua. Anajilaza na Kaniki, mwenzake (dume, mweusi, meno yake kama msumeno, dhalimu wa nyasi zote), wakilambana masikio. Na uzito unarudi baada ya kila kusagwa. Mawili yakikatika kwa pamoja na dawa ikashindwa kuyarudisha, sitampangia miadi ya kusagwa. Nitampangia nyingine. Nimeandika mapema kwa sababu najijua, siku hiyo ikifika nitaanza kujidanganya.

Kwa sasa yote manne yapo. Kaniki huwa namchukua pia tukienda kwa daktari, nilimwacha mara moja, aliporudi mwenzake akinuka dawa akamfukuza siku nzima.

Kibarazani (Jumapili)

Wiki ya nne tangu kusagwa. Gramu 1,985, wiki iliyopita 1,970. Nyasi mbichi anazikata mwenyewe, unasikia kru kru kru, taya linakwenda kushoto kulia. Nilipokuwa naandika namba alishuka kwenye bakuli akavuta kona ya daftari akaitafuna. Uzito wa mwezi wa tatu haupo tena.